Kuku Akitaka Kuatamia: Vidokezo 15 kwa Mfugaji wa Othaya

Kuku wa kienyeji akianza kung'ang'ania kiota, kuvimbisha manyoya na kukudonoa mkono kila unapotaka kuokota yai, usimfukuze. Anakuambia yuko tayari kulalia mayai siku 21, ayape joto usiku na mchana na kuyageuza mwenyewe, bila stima wala mafuta ya taa. Kwa mtu wa Othaya mwenye kuku kumi au ishirini nyuma ya nyumba, hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuongeza kundi.

Ila huku kwetu kuna baridi. Kuanzia Chinga na Mahiga kwenye majani chai hadi Karima kwenye kahawa, ukungu unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua haumhurumii kifaranga. Kuku mwenyewe anaijua kazi yake. Vifaranga wengi hupotea kwa mambo yaliyo mikononi mwa mwenye boma: mayai yaliyochaguliwa ovyo, kiota chenye unyevu, usiku wa baridi usio na maandalizi. Vidokezo hivi vinafuata safari yote, tangu kuchagua msimu hadi siku ya kumtenga mama na watoto wake.

1. Anza na kalenda

Kabla hujaweka yai hata moja, hesabu siku 21 mbele na ujiulize: siku hiyo hali ya hewa itakuwaje? Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, kisha baridi inashika Juni hadi Agosti, na Julai ndiyo kali zaidi. Kifaranga akizaliwa Julai hana kinga ila manyoya yake laini na kifua cha mama.

Misimu miwili ni mizuri. Wa kwanza ni kuweka mayai mwanzoni mwa Januari ili vifaranga watoke mwishoni mwa mwezi, jua likiwaka na ardhi ikiwa kavu. Wa pili ni kuyaweka katikati ya Agosti. Vifaranga watatoka mapema Septemba, na mvua za vuli zikikolea watakuwa wameshaota manyoya ya kuwakinga.

Ukilenga soko la Krismasi, kumbuka kuwa kuku wa kienyeji huchukua kama miezi sita kufikia uzito wa kuuzwa. Hao itabidi waanguliwe Mei au mapema Juni, mvua ikiisha na baridi ikiingia. Inawezekana, mradi uwe umeandaa joto mapema. Tutafika huko kwenye kidokezo cha 11.

2. Mchague mama kwa tabia

Si kila kuku ni mlezi. Kuku walioboreshwa, kama wale wa KALRO kutoka Naivasha, au Kuroiler na Sasso, walichaguliwa kwa mayai na nyama. Hamu ya kuatamia imefifia kwa wengi wao, na wengine hukaa kiotani siku chache kisha wakayaacha mayai yapoe. Kuku wetu wa asili wa kijijini, hata yule mdogo wa shingo tupu, ndiye bingwa wa kazi hii. Unaweza kabisa kumpa yeye mayai ya kuku walioboreshwa akuangulie.

Mchague mtetea mwenye afya, wa umbo la kadiri, aliyewahi kutaga na ikiwezekana aliyewahi kulea. Mzito sana huvunja mayai, na mdogo sana hawezi kuyafunika yote. Tembe anayeatamia mara ya kwanza mpe mayai machache kwanza umwone. Kuku anayeruka kwa kishindo kila mtu akipita, mwache aendelee kutaga.

3. Mpime kabla ya kumkabidhi mayai

Kuku anaweza kukaa kiotani mchana mzima kisha jioni akarudi kwenye kitulio na wenzake. Huyo bado hajaamua. Mwekee mayai mawili matatu ya zamani, yaliyochorwa alama ya mkaa, umwache nayo usiku mbili au tatu. Ukimkuta kiotani usiku wa tatu, amejilaza bapa, kifua kimepungua manyoya na analia ile sauti ya chini ya "kwo, kwo", basi yuko tayari. Kuku huyang'oa manyoya ya kifua ili ngozi yake yenye joto iguse mayai moja kwa moja.

Na kama msimu ni mbaya au hutaki vifaranga? Mtoe kiotani, umweke kwenye kizimba kilichoinuliwa chenye sakafu ya mbao zilizoachana au wavu, hewa ipite chini yake, ukimpa chakula na maji ya kutosha. Baada ya siku tatu au nne hamu humtoka kwa kawaida. Wako wanaomtumbukiza kuku kwenye ndoo ya maji baridi. Katika hali ya hewa ya Othaya huko ni kumtesa na kumtafutia ugonjwa, usifanye.

4. Jogoo ni nusu ya kundi

Yai lisilopandwa na jogoo haliangui, hata kuku akililalia mwezi mzima. Ndiyo maana mayai ya trei dukani hayafai: kuku walioyataga hukaa bila jogoo. Jogoo mmoja mwenye nguvu anatosha mitetea kumi hivi.

Mbegu ya jogoo huweza kuishi ndani ya mtetea hata wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo ukileta jogoo mpya, mwondoe wa zamani na usubiri kama wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuatamisha, ndipo uwe na hakika vifaranga ni wake.

Usimruhusu jogoo apande binti zake. Kundi la damu moja hudhoofika: mayai mengi hayaangui, na vifaranga wanaotoka hukua polepole. Badilishana jogoo kila mwaka na mtu wa mbali kidogo, tuseme wa Tetu au Mukurwe-ini. Akifika, mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine, usije ukanunua jogoo na ugonjwa kwa pamoja.

5. Chagua mayai kwa jicho kali

Chukua mayai yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, kwa kuwa baada ya wiki uwezo wa kuangua hushuka siku hadi siku. Andika tarehe kwa kalamu ya risasi. Chagua ya ukubwa wa kawaida na umbo la kawaida. Makubwa mno mara nyingi huwa na viini viwili, na yaliyopinda, yenye ganda jembamba au ufa hayafai kiotani. Ukitaka kuugundua ufa usioonekana, gonganisha mayai mawili taratibu: zima hulia wazi, lenye ufa hulia kwa sauti iliyozibika.

Usiyaoshe. Yai hutoka na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda na kuzuia vijidudu kuingia. Ukiuosha, umeufungua mlango. Lenye kinyesi kingi lipeleke jikoni.

Hapa baridi yetu inakuwa neema. Mayai ya kuatamisha huhifadhiwa vizuri kwenye nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, na chumba chenye kivuli Othaya hukaribia kiwango hicho bila shida. Yapange kwenye trei, ncha nyembamba ikitazama chini, mbali na jiko na moshi. Friji ni baridi mno.

6. Usijaze kiota

Tamaa ndiyo huharibu hapa. Kuku wa kadiri hufunika vizuri mayai 10 hadi 12, na wakati wa baridi mpe 8 au 9. Akishakaa, lisionekane yai hata moja likichungulia pembeni. Yai la ukingoni hupoa, na kwa sababu kuku huyageuza na kuyahamisha mara nyingi kwa siku, lililokuwa pembeni leo litakuwa katikati kesho, na la katikati litapelekwa nje likapoe pia. Yai moja la ziada linaweza kukuharibia matatu.

7. Kiota kiwe kikavu, chenye giza na utulivu

Tafuta pembe ya banda isiyopita upepo wala matone ya mvua, mbali na njia ya watu na mahali wenzake wanapotagia. Sanduku la mbao la kama sentimita 35 kila upande linatosha, na hata kikapu kikuukuu au karai lililotoboka linafaa. Weka udongo kidogo chini, uubonyeze katikati upate umbo la bakuli ili mayai yasibingirike, kisha tandika nyasi kavu, maranda au majani makavu ya mgomba. Majani ya mukima yaliyopukutika shambani yanafaa pia, mradi yamekauka sawasawa.

Nusa matandiko kabla ya kuyatumia. Yakitoa harufu ya uvundo, yatupe, kwa maana ukungu wa nyasi mbovu huingia kwenye mapafu ya kifaranga angali mchanga, na dawa yake ni vigumu kuipata. Wakati wa mvua, anika nyasi juani kila jua likitokeza, uziweke kwenye gunia mahali pakavu.

Kuku wengine wakiweza kuingia, watakuja kutaga humo humo. Mayai yenye alama yako ndiyo ya kuatamiwa. Lisilo na alama liondoe siku hiyo hiyo.

8. Pigana na utitiri na siafu mapema

Kuku akikimbia kiota wiki ya pili, tazama chini ya nyasi kabla ya kumlaumu. Utitiri hufyonza damu usiku, na kuku anayekaa mahali pamoja siku 21 ni karamu yao. Kabla ya kuweka mayai, safisha sanduku, limwagie maji yanayochemka, likauke juani, kisha nyunyiza majivu makavu chini ya matandiko. Unga wa pareto huua utitiri na chawa. Upake chini ya mabawa na shingoni. Mwachie pia mahali pakavu pa kuoga vumbi anapotoka kula.

Siafu ni hatari kubwa zaidi. Msimu wa mvua msafara wao ukipanda banda usiku, kuku anayelinda mayai anaweza kufia hapo hapo kiotani, na vifaranga ndio huanza kuliwa. Inua sanduku juu ya miguu minne, kila mguu ukiwa ndani ya mkebe wa maji au oili chafu. Zungushia banda majivu mapana na uyaongeze kila mvua ikiyaosha. Ukiuona msafara unakuja, mhamishe kuku na mayai yake papo hapo.

9. Ukimhamisha, iwe usiku

Kuku akiamua kuatamia mahali pabaya, kwa mfano chini ya ghala au kwenye kichaka cha majani chai, usimvute mchana. Ngoja giza liingie. Mbebe taratibu kwa mikono miwili, umweke kwenye kiota kipya chenye yale mayai ya majaribio, ufunike mbele kwa gunia. Asubuhi mfungulie ale huku ukimtazama. Akirudi mwenyewe kiotani, usiku unaofuata badilisha mayai ya majaribio, umpe ya kweli yote kwa pamoja. Mayai yakiingia kiotani kwa zamu yataangua kwa zamu, na kuku ataondoka na wa kwanza akiwaacha wa mwisho wafie ndani ya ganda.

10. Mlishe, na ummulikie mayai yake

Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30 hivi, anakula, anakunywa, anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali, kisha anarudi. Kinyesi hicho kisikutie hofu. Mwekee mahindi mazima na maji safi hatua chache kutoka kiotani, kwa saa ile ile kila siku. Wapo wanaojinyima kiasi cha kudhoofika. Huyo mwinue taratibu, ukiangalia kwanza kama amebana yai chini ya bawa.

Siku ya saba, usiku, chukua tochi ya simu, uibane kwenye ncha pana ya yai. Lenye uhai huonyesha doa jeusi lenye mishipa myembamba ya damu iliyotandaa. Linalong'aa tupu halikupandwa. Lenye duara jekundu bila mishipa, mtoto wake alikufa mapema. Rudia siku ya 14: lililo hai litakuwa limejaa giza isipokuwa chumba cha hewa juu, na mara nyingine utamwona anatikisika. Yaliyokufa yaondoe, kwani yai viza likipasuka huwachafua wenzake wote. Fanya haraka, mikono ikiwa safi na mikavu.

Jambo jingine: wakipatikana kuku wawili au watatu wanaotaka kuatamia katika juma moja, waanzishe wote siku moja. Aliyetangulia msubirishe kwa mayai ya majaribio. Baada ya kumulika, mayai mazima unaweza kuyakusanya chini ya wawili, na wa tatu akarudi kutaga. Vifaranga wakitoka, mama mmoja mwenye mwili anaweza kulea 15 hivi msimu wa jua. Wageni wape mama huyo usiku, wakiwa na umri wa siku moja au mbili na karibu umri mmoja na wake, wawekwe chini ya mabawa yake. Asubuhi huwachukua wote kuwa watoto wake.

11. Kuanzia siku ya 18, mikono mbali. Wakitoka, andaa usiku

Siku tatu za mwisho mtoto hujigeuza ndani ya yai ajipange kutoka. Usimulike wala usisogeze chochote. Utasikia sauti ndani ya ganda, na mama atawajibu. Tangu ufa wa kwanza hadi kifaranga kutoka zinaweza kupita saa 12 hadi 24. Usimbandue ganda. Kwa muda huo anamalizia kunyonya kiini na kufunga mishipa ya damu, na ukimharakisha atatokwa na damu. Kiini hicho humtosha siku mbili bila kula, kwa hiyo waache wote wakauke chini ya mama. Mayai yaliyobaki yape hadi siku ya 23, kisha yazike mbali na mbwa. Katika mayai 12, vifaranga 8 hadi 10 ni mavuno ya kujivunia.

Sasa ndipo Othaya inapompima mfugaji. Mama hutoa joto la kutosha akiwa amelala. Tatizo ni upepo unaoingia chini na sakafu baridi. Tandika maranda makavu ya sentimita tano au zaidi, ziba nyufa za usawa wa chini, acha hewa itoke juu. Usiku wa Juni na Julai mpe mama na watoto wake sanduku lililozungushiwa nyasi kavu pande zote, gunia likifunika sehemu ya juu bila kuziba hewa. Nyasi hulishika joto la miili yao wenyewe. Ukiweka jiko la makaa bandani, gesi yake ya sumu huua kuku na mwenye kuku; hewa ipite kila wakati, na usiliache likiwaka bila mtu.

Asubuhi usiwafungulie mapema. Subiri umande ukauke na ukungu upande. Kifaranga aliyelowa saa moja asubuhi mara nyingi hafiki jioni.

12. Chakula cha mtoto ni cha mtoto

Siku ya kwanza maji yatangulie chakula. Tumia kisahani kifupi chenye kokoto safi ndani, kifaranga anywe bila kuzama, na asubuhi ya baridi yawe vuguvugu. Kisha nunua chakula cha vifaranga kwenye duka la agroveti, uwape kwa wiki sita hadi nane za kwanza. Baadaye unaweza kuongezea mahindi yaliyopondwa, mchwa, na sukuma wiki au terere iliyokatwa ndogo. Chakula cha kuku wanaotaga usiwape: chokaa yake nyingi huharibu figo za kifaranga.

Mama atakula yote kama hujamzuia. Tengeneza kizimba kidogo chenye mbao zilizoachana kiasi cha kifaranga kupenya na mama kubaki nje, uweke chakula humo. Kazi ya nusu siku na misumari michache inaokoa mifuko ya chakula.

13. Chanjo ni ya kijiji kizima

Kideri huingia kwa jirani Jumatatu, na wiki haijaisha kijiji kimebaki na mabanda matupu. Hakina dawa, kina chanjo tu. Chanjo hiyo hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, na hutolewa kwa tone jichoni, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Mchanje mtetea wiki tatu au nne kabla ya kukusanya mayai, ili ampitishie mtoto kinga kupitia kiini. Vifaranga nao wachanjwe kwa ratiba ya afisa wa mifugo wa wadi yako, pamoja na chanjo za gumboro na ndui.

Chupa moja huwa na dozi mia au zaidi, na ikishachanganywa hutumika kwa saa chache tu. Kwa mwenye kuku kumi peke yake ni hasara. Kwa boma kumi ni bei ya vikombe vya chai. Panga siku moja na majirani, mchange, kila kuku wa kijiji achanjwe. Kanisani, kwenye chama, kwenye kituo cha kununulia majani chai, ndiko mahali pa kulizungumza.

Ukiona damu kwenye kinyesi na vifaranga waliojikunyata na mabawa yaliyolegea, shuku koksidiosisi. Ondoa matandiko yenye unyevu siku hiyo hiyo, umwone mtaalamu akupe dawa na kipimo. Matandiko makavu huzuia ugonjwa huo kuliko chupa yoyote.

14. Angalia juu, na uangalie chini

Mwewe hupenda uwanja wazi, na mashamba ya majani chai humpa nafasi ya kuona mbali. Wiki nne za kwanza vifaranga wakae kwenye uzio mdogo uliofunikwa wavu juu, usogezwe kwenye nyasi safi kila siku. Baadaye wafungulie karibu na migomba na vichaka wapate mahali pa kukimbilia. Mama mkali husaidia, ila hawezi kupigana na mwewe, nguchiro na paka wa jirani kwa wakati mmoja. Usiku ziba kila tundu linaloingiza vidole viwili, maana panya hupita hapo na kubeba kifaranga bila kelele.

15. Mtenge mama kwa wakati wake

Ukimwachia kuku alee hadi achoke, atatembea na watoto miezi miwili au mitatu bila kutaga, na mwaka utaisha akiwa amefanya mizunguko mitatu tu. Ukiwatenga mapema, atarudi kutaga mapema. Msimu wa jua, vifaranga wa wiki nne wanaweza kuachana naye wakiwa na sanduku la nyasi usiku. Msimu wa baridi subiri wiki sita, manyoya yakiwa yamefunika mgongo na kifua. Mwondoe mama, waache watoto mahali walipopazoea. Kisha mpe mapumziko na chakula kizuri, umwache atage tena kabla ya kumruhusu kuatamia. Kuku anayebadilishiwa mayai mfululizo ili asitoke kiotani hukonda, huugua, na mwisho unampoteza mlezi uliyemtegemea.

Nunua daftari. Andika siku uliyoweka mayai, idadi yake, yaliyoangua, na vifaranga waliofika wiki ya nane. Baada ya misimu miwili daftari litakuonyesha mlezi bora ni nani na hasara yako inatokea wapi, kisha utajua pa kuweka nguvu. Ukitaka kuona kwa macho, Kituo cha Mafunzo ya Kilimo cha Wambugu kiko karibu na mji wa Nyeri, na maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini hufanyika mwezi wa Septemba. Nenda uulize maswali.

Kifaranga wa bei nafuu kuliko wote ni yule uliyekwisha kumwangua na usiyemwacha afe. Ukiwa na kuku mmoja tu anayetaka kuatamia wiki hii, anza naye: angalia kalenda, chagua mayai kumi safi, kausha nyasi, na uzungumze na jirani yako kuhusu chanjo kabla ya Jumapili.